Babur na Mlango wa Kabul



Ndugu zangu, makala hii ilianzia kwenye darsa letu la jioni, baada ya swala ya Magharibi. Ndugu mmoja mwenye asili ya Kivu aliuliza kwa nini kuna nchi ambazo kila kizazi huingiliwa na majeshi ya wageni, ilhali nyingine hukaa karne nzima zikiwa salama. Hakuuliza kwa mzaha. Mwenzetu mmoja alimjibu papo hapo kwamba watu wa nchi hizo ni dhaifu, hawapendani, au dhambi zao zimezidi za wengine. Yule ndugu akainamisha kichwa. Mimi jibu lile sikulikubali, lakini sikuwa na jingine, nikanyamaza. Nimejilaumu tangu siku ile.

Sina elimu ya kuizungumzia Kongo, na sitajifanya ninayo. Nilichoweza ni kwenda maktaba na kuchagua nchi moja iliyovamiwa mara nyingi kupitia njia ile ile, kisha nikamfuata mtu mmoja kati ya walioivamia. Nchi yenyewe ni Hindustan, yaani ile tambarare ya kaskazini mwa India. Mtu ni Zahiruddin Muhammad Babur, aliyeanzisha dola ya Wamughali. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliandika maisha yake kwa mkono wake, kwa Kituruki cha Chagatai, na hakuficha aibu zake nyingi. Pili, kabla ya kuvamia nchi ya watu, yeye mwenyewe alivamiwa na kufukuzwa kwao.

Babur alizaliwa Februari 1483 huko Andijan, katika bonde la Fergana, sehemu ambayo leo iko Uzbekistan. Kwa upande wa baba alikuwa kizazi cha tano kutoka kwa Timur, yule mshindi kilema aliyetikisa dunia kutoka Samarkand. Kwa upande wa mama alitokana na Chinggis Khan. Kwa nasaba hiyo mtu angedhani mtoto huyu alizaliwa na ufalme mkononi. Ukweli ni kwamba alizaliwa katika ukoo uliojaa wafalme kupita kiasi. Kila mjukuu wa Timur alikuwa na mji wake, na kila mmoja aliutazama mji wa binamu yake kwa jicho la tamaa.

Mwaka 1494 baba yake, Umar Shaikh Mirza, alikuwa kwenye banda lake la njiwa katika ngome ya Akhsi, iliyojengwa ukingoni mwa korongo. Ukingo ukaporomoka, banda likaanguka pamoja na njiwa na mwenyewe, akafa. Babur alikuwa na miaka 11. Wakati huo tayari ami yake wa Samarkand na mjomba wake wa Tashkent walikuwa njiani na majeshi kuja kumnyang'anya Fergana. Naomba tulitazame jambo hili kwa makini: wavamizi wake wa kwanza walikuwa ami na mjomba, na aliyemsaidia kusimama alikuwa bibi yake mzaa mama, Aisan Daulat Begum, mwanamke ambaye Babur anamsifu kwa akili na mipango.

Alinusurika. Lakini hakutulia. Samarkand ilikuwa ndoto ya kila mwana wa ukoo wa Timur, na mwaka 1497, akiwa bado na miaka 14, aliuzingira mji huo miezi saba hadi akauingia. Akakuta nini? Mji umechoka kwa vita na njaa, watu hawana hata mbegu za kupanda. Askari wake walikuwa wamekuja kutafuta ngawira, na ngawira haikuwapo, kwa hiyo wakaanza kumtoroka mmoja mmoja. Huku nyuma, wakubwa wake wengine wakamtawaza mdogo wake Jahangir huko Andijan. Babur akatoka Samarkand kwenda kuiokoa Andijan, akakosa zote mbili. Alikuwa ametawala Samarkand siku 100.

Mwaka 1500 aliichukua tena, safari hii usiku, kwa kupanda ukuta akiwa na watu wapatao 240 tu. Ila sasa kulikuwa na mtu mwingine uwanjani. Muhammad Shaybani Khan, mkuu wa Wauzbeki, alikuwa ameshuka kutoka nyika za kaskazini na kuukuta ukoo wa Timur ukigombana wenyewe kwa wenyewe. Hakuhitaji kuushinda wote kwa pamoja. Alimmaliza mmoja, kisha wa pili, huku wa tatu akitazama na kufurahi kwamba mpinzani wake ameondolewa. Mwaka 1501 alimshinda Babur vitani, akamzingira Samarkand hadi watu wakala mbwa na punda. Babur alitoka usiku na mama yake. Dada yake, Khanzada Begum, alibaki mikononi mwa Shaybani Khan na akaolewa naye. Babur anaeleza kwamba alitekwa wakati wa kutoka. Waandishi wengine wanaona kuwa ndoa ile ilikuwa bei ya kumwachia kaka yake njia. Vyovyote iwavyo, ilipita miaka kumi kabla dada na kaka hawajaonana tena.

Hapo nilifunga kitabu kwa muda. Yule mwenzetu kwenye darsa angesemaje kuhusu Babur wa mwaka 1501? Kwamba alikuwa dhaifu? Kijana yule alikuwa shujaa kupita kiasi, anaruka ukuta usiku na watu 240. Kwamba watu wa Samarkand walikuwa waovu kuliko Wauzbeki? Wote walikuwa Waislamu, na wengi wao walifuata madhehebu moja. Kilichowaangusha ni kwamba nchi yao ilikuwa tajiri, jirani yao alikuwa na farasi wengi, na wao walikuwa kila mmoja na lake.

Miaka mitatu Babur alitangatanga milimani, mara nyingine bila hema wala chakula cha uhakika. Mwaka 1504 alivuka milima ya Hindu Kush kwenda kusini. Anasimulia kwamba waliomfuata walizidi 200 lakini hawakufika 300, wengi wakitembea kwa miguu, fimbo mkononi, viatu vya kienyeji miguuni. Walikuwa na mahema mawili tu, na lake alimpa mama yake. Njiani askari wa wakuu wengine waliokimbia Wauzbeki walijiunga naye, na kabla mwaka haujaisha aliichukua Kabul bila vita kubwa. Alikuwa na miaka 21.

Kabul ndiyo roho ya kisa hiki, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Mji huo uko juu, kwenye baridi, umezungukwa na milima. Upande wa kaskazini njia zake huelekea Samarkand na Bukhara, upande wa magharibi huelekea Herat na Iran, na upande wa mashariki njia huteremka kupitia Khyber na mapito mengine hadi mto Indus na nyanda za Punjab. Babur anaeleza kwamba kila mwaka farasi kati ya 7,000 na 10,000 waliletwa Kabul kuuzwa, na kutoka Hindustan ulikuja misafara ya maelfu ya watu ikiwa na nguo nyeupe, sukari, viungo na watumwa. Biashara hiyo peke yake inatoa nusu ya jibu la swali letu. Farasi wazuri hukua kwenye nyika za baridi zenye malisho mapana. Tambarare ya Hindustan ina joto, mvua za masika kali, na ardhi yake karibu yote imelimwa, kwa hiyo masultani wa Delhi walilazimika kununua farasi wa vita kutoka nje, kizazi baada ya kizazi. Na katika karne zile, farasi ndiye aliyekuwa silaha kuu. Yaani nchi tajiri ilikuwa ikinunua silaha zake kutoka mlangoni mwa yule atakayeivamia.

Na utajiri wenyewe haukuwa wa hadithi. Mito mikubwa, mavuno mawili kwa mwaka, mafundi wa kila kazi wasiohesabika. Kabul kwa upande wake ilikuwa maskini. Babur alipofika, alikuwa na wafuasi wengi wa kulisha kuliko nchi ilivyoweza kubeba. Aliwatoza wenyeji nafaka mizigo ya punda 30,000, na baadaye akakiri mwenyewe kwamba alikosea, kwamba mzigo ulikuwa mzito na nchi iliumia. Mtawala wa Kabul aliyetaka kuendelea kuwa na jeshi alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ama awakamue wakulima wa milimani hadi waasi, ama ateremke Punjab kila baada ya miaka michache akachukue kwa wengine. Mahmud wa Ghazni alifanya hivyo miaka 500 kabla yake, na wanahistoria wa zamani wanamhesabia safari 17. Wa Ghor walifuata, wakashinda Tarain mwaka 1192. Timur alipita mwaka 1398.

Babur, kwa kweli, hakuitaka Hindustan mwanzoni. Aliitaka Samarkand. Mwaka 1510 Shah Ismail wa Iran alimuua Shaybani Khan huko Merv, na Khanzada akarudishwa kwa kaka yake kwa heshima. Babur akaona bahati imegeuka. Kwa msaada wa Shah aliingia Samarkand mara ya tatu, mwaka 1511, na watu walimpokea kwa furaha. Lakini msaada ule ulikuwa na bei: ilimbidi akubali alama za ufalme wa Kishia za Shah Ismail, na watu wa Samarkand, Sunni wa msimamo mkali, walimwona amekuja na jeshi la mgeni na itikadi ya mgeni. Mapenzi yao yakapoa ndani ya miezi. Mwaka 1512 Wauzbeki walimtoa, na hakuiona tena Samarkand maisha yake yote. Mtu aliyekuwa mrithi halali amegeuka mvamizi katika mji wa mababu zake, kwa sababu tu alirudi juu ya mabega ya mwingine. Kisa hiki kimenifikirisha kuliko hata vita zake kubwa.

Baada ya hapo alitazama kusini. Mwaka 1519 alianza na Bajaur, mlangoni kabisa. Wenyeji walikuwa hawajawahi kuona bunduki za gobori, mwanzoni wakazicheka. Ngome ilianguka kwa saa chache, na Babur anaandika kwamba waliouawa walizidi 3,000, kisha akaamuru mnara wa vichwa ujengwe. Anajitetea kwamba walikuwa waasi na hawakuwa Waislamu wa kweli. Siwezi kulipita jambo hili kimya, kwa sababu kwenye mazungumzo yetu tuna tabia ya kuwahesabu washindi wa Kiislamu kama mashujaa na kuyasahau yaliyofanyika chini ya kwato za farasi wao. Babur aliandika mnara ule bila kuona haya. Sisi tunaomsoma hatuna sababu ya kumfichia.

Sasa twende Delhi. Tangu 1517 sultani alikuwa Ibrahim Lodi, Mwislamu, Mwafghani. Ufalme wa Walodi ulisimama juu ya wakuu wa Kiafghani waliojiona ndugu na washirika wa sultani. Ibrahim alitaka wawe watumishi. Aliwafunga, akawaua wengine, na waliobaki wakaanza kuogopa kila mjumbe aliyetoka mjini. Daulat Khan Lodi, liwali wa Punjab huko Lahore, alipoitwa barazani aliona hatima yake. Badala ya kwenda Delhi, akatuma ujumbe Kabul. Alam Khan, ami yake Ibrahim, naye akaja Kabul kuomba msaada ili achukue kiti cha mpwa wake. Haya ndiyo mambo ambayo ramani haionyeshi. Milima, mito na farasi vilikuwapo siku zote, lakini aliyemkaribisha mgeni alikuwa liwali aliyepewa ulinzi wa mlango.

Bila shaka Daulat Khan alidhani atamtumia Babur kisha amrudishe alikotoka. Mwaka 1524 Babur alishuka hadi Lahore, na Daulat Khan alipoona kwamba mgeni hakuja kusaidia bali kukaa, akamgeuka. Alijifunga panga mbili kiunoni akiapa kupigana naye. Mwanzoni mwa 1526 ngome yake ya Milwat ilisalimu amri, na Babur aliagiza aletwe mbele yake na panga zile zile mbili zikining'inia shingoni. Mzee akafa muda mfupi baadaye. Alam Khan naye alijaribu kuichukua Delhi peke yake, akashindwa, akarudi kwa Babur akiwa hana kitu. Kwa wasomaji wa chuo nitaongeza dogo moja: katika ngome ile Babur aliingia maktaba ya Ghazi Khan, mtoto wa Daulat Khan, akavipekua vitabu, vingine akampa mwanawe Humayun. Alilalamika kwamba vya thamani havikuwa vingi kama alivyotarajia. Katikati ya vita, mtu anachagua vitabu.

Alipovuka Indus alihesabu watu wake wote, askari, wafanyabiashara na watumishi: 12,000. Jeshi la Ibrahim alilikadiria kuwa 100,000 na tembo 1,000, ingawa hesabu ya adui hukua kila inaposimuliwa. Walikutana Panipat, kilomita kama 90 kaskazini mwa Delhi, mwezi wa Rajab 932, yaani Aprili 1526. Babur alifunga mikokoteni 700 kwa kamba za ngozi ya ng'ombe ikawa ukuta, akaacha nafasi za wapanda farasi kutoka, na nyuma yake akaweka mizinga na gobori chini ya Ustad Ali Quli. Upande mmoja alikingwa na nyumba za mji, upande mwingine na mitaro na matawi ya miti. Siku kadhaa Ibrahim alikaa bila kushambulia. Aliposhambulia, jeshi lake kubwa lilibanwa kwenye upana mdogo, na wapanda farasi wa Babur wakalizunguka pembeni na nyuma. Kufikia adhuhuri mambo yalikuwa yamekwisha. Ibrahim aliuawa uwanjani akipigana, hakukimbia, na hilo ni haki yake lisemwe.

Babur anaeleza kwamba Ibrahim alikuwa bahili: alikuwa na hazina ya baba na babu yake lakini hakutaka kuifungua kuajiri askari zaidi. Babur alipoikuta hazina ile huko Agra, aliigawa kwa siku chache. Kila mkaazi wa Kabul, mwanamume na mwanamke, huru na mtumwa, alitumiwa sarafu moja ya fedha. Miaka miwili baadaye alikuwa hana kitu, ikambidi aamuru wakuu wake warudishe hazinani asilimia 30 ya mapato yao ili jeshi lipate baruti.

Kwa nini Panipat? Nilikaa na ramani jioni nzima. Ukiwa umeshavuka mito ya Punjab na unataka Delhi, kushoto kwako una milima ya Himalaya, kulia una jangwa la Thar. Katikati pamebaki ukanda wa ardhi tambarare kandokando ya mto Yamuna. Jeshi lolote la farasi litapita hapo, na jeshi lolote la Delhi litatoka kulizuia hapo. Hakuna bahati mbaya wala laana ya mahali. Mwaka 1556 walipigana tena Panipat, wajukuu wa Babur dhidi ya Hemu. Mwaka 1739 Nadir Shah alishinda Karnal, jirani tu na hapo. Mwaka 1761 Ahmad Shah Durrani aliwavunja Wamaratha Panipat kwa mara nyingine.

Baada ya ushindi wake wa 1526, askari wa Babur walitaka kurudi nyumbani. Joto liliwaua, watu wa vijijini waliwakimbia, chakula cha watu na farasi hakikupatikana. Rafiki yake mkubwa, Khwaja Kalan, akaondoka kabisa. Timur na Mahmud walikuwa wamerudi kwao na ngawira. Babur akaamua kubaki, na hapo ndipo anapotofautiana nao. Ila moyo wake haukubaki kwa hiari. Aliilalamikia Hindustan kwa kila kitu: haina zabibu nzuri, haina barafu, haina hamamu wala madrasa, farasi wake hawafai. Siku moja aliletewa tikiti kutoka Kabul, akalikata, akalila huku akilia. Wakati huo alikuwa mfalme wa nchi tajiri kuliko zote alizopata kuziona.

Machi 1527 alikutana na Rana Sanga wa Mewar huko Khanwa. Kabla ya vita, askari wake wakiwa wamejaa hofu, alitubia pombe, akavunja vyombo vya dhahabu na fedha vya kunywea na kuvigawa kwa maskini, na akawafutia Waislamu ushuru wa tamgha. Toba ile tunapenda kuisimulia kwenye mihadhara. Alishinda, akajiita Ghazi. Jambo ambalo mihadhara huliacha ni kwamba upande wa pili, pamoja na Rana Sanga, walisimama Hasan Khan wa Mewat na Mahmud Lodi, Waislamu wote wawili, na Hasan Khan alifia pale. Kwao Babur hakuwa Ghazi. Alikuwa mgeni aliyemuua sultani wao.

Nikarudi kwenye swali. Kama milima, farasi na utajiri vilitosha kueleza, basi Hindustan ingevamiwa kila mwaka bila kukoma. Haikuwa hivyo. Wakati wa Sultani Alauddin Khalji, aliyetawala kuanzia 1296 hadi 1316, Wamongoli walikuja mara kadhaa, na mwaka 1303 walifika hadi ukingoni mwa Delhi. Alauddin alikarabati ngome za mpakani, akaweka jeshi la kudumu linalolipwa fedha taslimu, akadhibiti bei za nafaka, nguo na farasi ili mshahara wa askari utoshe. Watu walikuwa wale wale, ardhi ile ile, na Wamongoli wakarudishwa. Katika miaka iliyotangulia kuja kwa Timur mwaka 1398 kulikuwa na masultani wawili, mmoja Delhi na mwingine Firuzabad, mwendo mfupi tu kati yao, kila mmoja akidai ufalme.

Ukoo wa Babur wenyewe ulilijua hili, kwa sababu babu yao alikuwa ameingia kwa mlango huo. Tangu Humayun aliporudi kutoka Kabul mwaka 1555, waliishika Kabul kwa zaidi ya miaka 180, na kwa muda wote huo hakuna jeshi la kigeni lililopita Khyber kwenda Delhi. Shah Jahan alijaribu hata kinyume chake: mwaka 1646 alituma jeshi kubwa kaskazini, Balkh, akiota Samarkand ya mababu. Walishinda, wakakuta nchi ambayo kodi yake haiwezi kulisha jeshi lililoiteka. Mwaka uliofuata wakaiacha, wakafia wengi kwenye theluji wakirudi. Kushuka kutoka Kabul kulilipa, kupanda hakukulipa. Ndiyo maana uvamizi ulielekea upande mmoja tu, na wala si kwamba wa milimani walizaliwa mashujaa na wa bondeni waoga.

Kufikia miaka ya 1730 watawala wa Delhi walikuwa wamezama kwenye ugomvi wa makundi ya barazani. Liwali wa Kabul aliomba fedha, askari wake walikuwa hawajalipwa muda mrefu, na ombi lake likapuuzwa. Nadir Shah aliichukua Kabul mwaka 1738. Machi ya mwaka uliofuata alikuwa ndani ya Delhi, mji ukichinjwa na Kiti cha Tausi kikifungwa kwa safari ya Iran. Waingereza, kwa upande wao, waliingia kwa mlango wa bahari, huko Bengal, mwaka 1757. Hawakuwa na haja ya Khyber, ila nao walimpata Daulat Khan wao, naye ni Mir Jafar.

Nilimpelekea yule ndugu wa Kivu maelezo haya kabla sijayaandika hapa. Alisoma, akaniuliza jambo moja: wakulima wa kandokando ya barabara ya Panipat, ambao hawakuwa na sultani wala liwali wa kumwita, wao walifanya kosa gani? Nilirudi kwenye kitabu cha Babur kuwatafuta. Wamo kwa mistari michache tu. Wanakimbia, wanaficha nafaka, wanarudi. Hakuna jina hata moja.

Babur alifariki Agra tarehe 26 Desemba 1530, akiwa na miaka 47. Inasimuliwa kwamba Humayun aliugua hadi kukatiwa tamaa, na baba akazunguka kitanda chake akimwomba Mwenyezi Mungu achukue uhai wake badala ya wa mwana. Humayun akapona. Babur hakutaka kulala Hindustan. Alizikwa Agra kwanza, kisha miaka kadhaa baadaye mwili wake ukapandishwa Kabul, kwenye bustani aliyoipenda mlimani, kaburi la wazi lisilo na paa. Shah Jahan alijenga karibu yake msikiti mdogo wa marumaru. Kabul iliyobaki inalilinda kaburi hilo iliingiwa na Waingereza mwaka 1839 na tena 1879, na Warusi mwaka 1979, na Wamarekani mwaka 2001. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1990 miti ya bustani ilikatwa na kuta zikabomoka. Baadaye ilipandwa upya, na siku za Ijumaa familia za Kabul zilikuwa zikienda kukaa kivulini.